Usukani Unaocheza

Faili lilinifikia likiwa limeshafungwa.
Kwenye nafasi ya chanzo, mwandiko wa haraka:
uzembe wa dereva, mwendo kasi.
Muhuri, sahihi, duara la kikombe cha chai.

Dereva: Anaeli Kiwelu wa Kibosho,
miaka hamsini na mmoja, mpeleka maziwa.
Teremko la Kikafu alilijua
kama anavyojua giza la chumba chake.
Sasa ni marehemu,
na marehemu haitwi kusahihisha maelezo.

Nililala chini ya lile gari uwanja wa kituo, Moshi,
mgongo juu ya boksi, tochi mdomoni.
Maziwa yalikuwa yameganda kwenye springi,
inzi wakanitangulia kazini.
Tairodi ya kushoto imekatika.
Nikaifuta kwa pindo la ovaroli, nikaitazama ilipokatika:
nusu inang'aa kama shilingi mpya,
nusu ina kutu.

Kutu haiji kwa siku moja.
Nusu ile ilipasuka labda masika yaliyopita,
ikanyamaza,
ikabeba madebe, ikabeba abiria wa lifti,
ikasubiri mwenzake achoke.

Mkuu wangu alisema, Nembris,
chuma ni chuma, na barabara unaijua.
Andika barabara, twende nyumbani.

Nikaenda kutafuta ndugu.
Si wa marehemu, wa gari:
tumbo moja, mwaka mmoja, meli moja.
Nikalipata la kubeba mbao Sanya Juu,
la mwalimu wa Uru,
la Himo lenye kiti cha kanisa badala ya kiti.
Piga jeki. Shika tairi kwa mikono miwili, kushoto na kulia.
Tikisa.

Kak.

Sauti ndogo tu, mwiko kwenye ukingo wa sufuria.
"Unacheza," alisema fundi Ndelilio,
na hakucheka.

Magari kumi na manne. Tisa yanacheza.
Mwalimu wa Uru alinipa chai, akaniambia
huo mchezo ni wa siku nyingi, mama,
nikitaka kwenda kulia nauambia mapema,
tumeshazoeana.

Tukawaandikia waliolitengeneza, ng'ambo.
Jibu likaja kwenye karatasi nzito, nyeupe sana:
hawajapokea malalamiko ya aina hiyo kutoka kwetu.
Ni kweli, hawakupokea.
Malalamiko yalitolewa kwa Kichagga, chini ya gari,
na yalijibiwa kwa grisi
na kipande cha mpira wa ndara.

Mjane alikuja Alhamisi, viatu mkononi, matope mpaka kwenye vifundo.
Nilidhani atauliza fidia, nikaandaa maneno ya fidia.
Akasema: watoto wangu wanaambiwa shuleni
baba yenu aliua watu wawili.
Nataka kujua niwape jibu gani.

Sikuwa na jibu la kumpa, nilikuwa na chuma.
Nikakitoa kwenye mfuko wa ushahidi, nikamwekea kiganjani.
Alikigeuza upande wa kutu, upande wa kung'aa,
akakaa nacho muda mrefu kuliko taratibu inavyoruhusu.
"Kumbe alikuwa anashika kitu kilichokwisha kumwachia," alisema,
kisha akanirudishia, akavaa viatu.

Ripoti ina kurasa thelathini na moja.
Imepanda gari kwenda Dodoma, itajadiliwa.
Yale tisa bado yanashuka Kikafu kila alfajiri,
maana agizo la kuyasimamisha linahitaji sahihi
ya mtu aliye safarini.

Lakini faili la Anaeli liko mezani kwangu.
Kufuta hairuhusiwi.
Kanuni inasema: mstari mmoja, kalamu nyeusi,
maneno ya mwanzo yabaki yakisomeka,
mapya yaandikwe juu, na tarehe.

Nikapiga mstari juu ya uzembe.
Nikapiga mstari juu ya mwendo kasi.
Mkono wangu ulitaka kubonyeza zaidi,
nikauzuia.
Bado yanasomeka.